Deep Purple: kutoka Blackmore hadi McBride, kiti cha mpiga solo kimebadilikaje?

Mchezea Nyuzi anauliza:

Nawasalimu nyote, wapenzi wa roki nzito.

Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, nami naliweka hapa kwa sababu najua wapo watu walioisikiliza Deep Purple kwa miaka mingi kuliko mimi. Niliijua bendi hii kupitia Machine Head ya mwaka 1972 na ile albamu ya jukwaani, Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo mwezi Agosti wa mwaka huohuo. Kwa hiyo masikioni mwangu Deep Purple na gitaa la Ritchie Blackmore vilikuwa kitu kimoja, na sikuwahi kufikiria kwamba kimoja kinaweza kuwepo bila kingine.

Hivi karibuni nimeanza kusikiliza Purpendicular ya mwaka 1996, ambayo ni albamu ya kwanza ya Steve Morse akiwa nao. Nilipofika wimbo wa pili au wa tatu nilijikuta nikilitazama jalada upya ili nihakikishe kwamba sikukosea bendi. Mwimbaji ni Ian Gillan yuleyule, besi ni ya Roger Glover, drams ni za Ian Paice, na kinandani yupo Jon Lord. Hao ni wanne kati ya watano walioitengeneza Machine Head. Amebadilika mtu mmoja tu, lakini nyumba nzima imebadilika harufu.

Nikaanza kuhesabu. Blackmore alikuwa na bendi tangu ilipoanzishwa mwaka 1968 hadi 1975, kisha akarudi 1984 hadi 1993, yaani takriban miaka 16 kwa jumla. Morse aliingia mwishoni mwa 1994 akatoka 2022, yaani takriban miaka 28. Hata hivyo, karibu kila ninapokuta mjadala kuhusu bendi hii, Morse huitwa mbadala, utadhani alikuwa anashikilia nafasi ya mtu aliyetoka kidogo na atarudi.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, mnielekeze ni kitu gani hasa kilichobadilika katika sauti ya bendi kila mpiga solo alipobadilika, nikijua nyimbo za kusikiliza na mahali pa kutega sikio. Pili, mnieleze kama ni haki kumwita Morse mbadala. Sitafuti ushindani wa nani ana vidole vyepesi zaidi, kwa sababu huo hauishi wala haunifundishi kitu.

Mzee wa Hammond anajibu:

Mwanangu, umeuliza vizuri kwa sababu umeanza na sikio lako mwenyewe. Nami nitakujibu kwa kuanzia mahali ambapo wengi hawaanzii, yaani kwenye kinanda.

Uchukue wimbo unaojulikana na kila mtu, Smoke on the Water. Gitaa linaanza peke yake, noti mbili zikilia pamoja kwa umbali wa nne kwenye ngazi ya muziki, na Blackmore hazicharazi kwa kile kipande kidogo cha plastiki bali huzinyofoa kwa vidole, ndiyo maana zote mbili hutoka kwa pigo moja bila moja kuitangulia nyingine. Kisha inaingia hai-hati ya Paice, yaani yale matoazi mawili ya drams yanayogongana. Kisha, na hapa ndipo utege sikio, anaingia Lord na Hammond yake, kile kinanda cha umeme, ambayo aliipitisha kwenye amplifaya ya Marshall kama zile za wapiga gitaa, hadi sauti ya kinanda ikawa inakwaruza na kunguruma. Msikilizaji wa kawaida hudhani gitaa limenenepa tu, kumbe sasa ni ala mbili zinazotamka neno lilelile. Nimekaa na watu walioupenda wimbo huo miaka mingi wakashangaa walipoonyeshwa.

Ukishalisikia hilo, utaelewa kwamba kiti cha mpiga solo wa Deep Purple hakifanani na kiti hicho katika bendi nyingine. Kwingine mpiga solo ana mwenzake wa gitaa la rhythm anayemtandikia, naye anapita juu yake. Hapa hakuna gitaa la pili. Anayetandika ni mpapasa kinanda, na mpapasa kinanda huyohuyo ndiye anayemjibu, anayemkatiza, na wakati mwingine anayemzidi kelele. Kwa hiyo kila mpiga gitaa aliyeingia ilimbidi kwanza aamue ataishi vipi na kinanda.

Blackmore aliamua kushindana. Mwezi Septemba 1969 bendi ilipiga tamasha la Lord pamoja na okestra katika Royal Albert Hall, London, na magazeti yakawa yanamzungumzia Lord kama kiongozi. Blackmore hakufurahishwa na njia hiyo, akasukuma bendi ielekee kwenye muziki mzito, na matokeo yake ni In Rock ya mwaka 1970. Ndani ya albamu hiyo na zile zilizofuata unasikia watu wawili wanaoheshimiana lakini hakuna anayekubali kuachia neno la mwisho. Katika Made in Japan hali ni hiyohiyo, tena zaidi, kwa kuwa jukwaani Blackmore alikuwa hatabiriki. Sikiliza Strange Kind of Woman mle, pale anapotupiana sauti na Gillan, gitaa likisema na koo likirudia, kila mmoja akimpandishia mwenzake ngazi hadi koo linafika mahali ambapo gitaa lenyewe linaonekana kutulia na kusikiliza.

Mwaka 1973 Gillan na Glover waliondoka, wakaingia David Coverdale na Glenn Hughes. Burn ya 1974 bado ni albamu ya Blackmore kwa kila hali. Stormbringer, iliyotoka mwaka huohuo, ina ladha ya soul na funk iliyoletwa hasa na Hughes, na ndani yake unamsikia Blackmore akiwa kama mgeni mezani pake mwenyewe. Alitaka bendi irekodi wimbo wa kundi jingine, wenzake wakakataa, akaenda kuurekodi na Ronnie James Dio, na kutoka hapo ikazaliwa bendi yake ya Rainbow. Mara yake ya mwisho jukwaani na Deep Purple katika kipindi hicho ilikuwa Paris, mwezi Aprili 1975.

Akaingia Tommy Bolin, Mmarekani kijana, akatengeneza nao albamu moja, na bendi ikavunjika mwaka 1976.

Mwaka 1984 wale watano wa Machine Head walirudiana wakatoa Perfect Strangers, albamu ambayo naipenda kwa moyo wote, lakini mafahali wawili hawakai zizi moja, na Gillan na Blackmore walikuwa mafahali. Gillan alifukuzwa 1989, akaletwa Joe Lynn Turner, kisha Gillan akarejeshwa. Ziara ya mwaka 1993 ndiyo iliyomaliza mambo. Onyesho la Birmingham la Novemba mwaka huo lilirekodiwa kwa picha, na ukilitazama utaona Highway Star inaanza, bendi yote ipo, lakini mpiga gitaa hayupo. Lord anajaza pengo lote kwa mikono miwili. Blackmore anatokea wimbo ukiwa umeshafika mbali, na baadaye anammwagia maji mpiga picha. Siku chache baadaye, Helsinki, alipiga nao kwa mara ya mwisho.

Ziara ya Japani ilikuwa imeshapangwa, kwa hiyo akaitwa Joe Satriani kuiokoa, naye akaendelea nao hadi ziara ya Ulaya ya mwaka 1994. Walitamani abaki, lakini alikuwa na mikataba na kazi zake mwenyewe.

Ndipo akaja Morse. Alikuwa ametoka Dixie Dregs, bendi ya muziki wa ala tupu ambamo gitaa, fidla na kinanda hugawana melodia kama ndugu wanaokula sahani moja, na alikuwa amepitia bendi ya Kansas pia. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kukiona kinanda kama mpinzani. Katika Purpendicular, mara nyingi gitaa na kinanda hupiga mstari uleule kwa pamoja, noti kwa noti, kisha wanaachana na kukutana tena mbele. Harufu uliyoisikia imebadilika ndiyo hiyo: ugomvi ulikuwa umekwisha. Wapo waliouhitaji ugomvi ule ili waitambue bendi yao, nami siwalaumu. Mimi binafsi namsikia Lord wa Purpendicular akiwa na furaha ambayo sikuisikia kwa miaka mingi kabla yake.

Mwalimu wa Nyuzi Sita anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Hammond. Maelezo yako ya kinanda nayakubali yote, ila ruhusu niongeze habari ya mikono, kwa kuwa nafundisha gitaa na nimewahi kukaa na wanafunzi tukizichambua solo hizi noti moja moja.

Ndugu Mchezea Nyuzi, tofauti unayoisikia haiko kwenye mtunzi tu, bali pia kwenye mbao na vidole. Blackmore alipiga gitaa aina ya Stratocaster ambalo shingo yake ilichongwa ikaingia ndani kama vibonde vidogo kati ya kigawanyo kimoja (vile vyuma vilivyokata shingo) na kingine. Ukiweka kidole juu ya shingo kama hiyo, ncha ya kidole haigusi ubao, inashika waya tu. Ukikandamiza zaidi ya kiasi, noti inapanda na kupotoka. Hivyo mpigaji analazimika kuwa na mguso mwepesi, na wakati huohuo anapata uwezo wa kuitikisa noti na kuivuta kama mwimbaji anavyovuta sauti. Ndiyo maana noti ndefu za Blackmore zina kilio ndani yake, na ndiyo maana mwanafunzi anayeziiga kwenye gitaa la kawaida hupata noti zote sahihi lakini hapati wimbo.

Solo ya Highway Star ni jambo la pekee, kwa sababu Blackmore, ambaye kwa kawaida alibuni papo hapo, aliiandaa kabla. Imejengwa juu ya mfuatano wa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, unaomkumbusha mtu Bach, na mstari wake wa kasi unashuka kwa mpangilio wa ngazi zilizopimwa. Ilinganishe na solo ya Lazy, ambayo inatembea kwa uhuru wa blues, uone kwamba mtu huyo alikuwa na nyumba mbili na alihama kati yake apendavyo.

Morse ni mkono mwingine kabisa. Mkono wake wa kulia hucharaza kila noti peke yake, chini, juu, chini, juu, bila kuruka hata moja, hata kwenye vifungu ambavyo wapigaji wengi wangetelezesha kidole cha kushoto ili kupunguza kazi. Matokeo yake ni noti zilizo wazi na zenye uzito sawa, kama shanga kwenye uzi mmoja. Gitaa lake la Music Man lina vinasa sauti vinne, naye hubadilisha kutoka kimoja hadi kingine katikati ya wimbo ili kupata rangi tofauti. Anza na Sometimes I Feel Like Screaming. Mwanzo wake ni nyuzi zinazonyofolewa polepole kwa sauti safi isiyokwaruza, kisha melodia inapanda juu yake. Blackmore asingeingia kwenye wimbo kwa mlango huo, na ndiyo sababu wimbo huo haungeweza kuandikwa mwaka 1972.

Mtindo huo ulimgharimu. Alipata matatizo ya kifundo cha mkono wa kulia, ikambidi abadilishe namna ya kukishika kipande cha kucharazia na kuusogeza mkono, akaendelea kupiga hivyo kwa miaka. Ninapowaambia wanafunzi wangu walinde viungo vyao, huwa namtaja.

Kuhusu neno mbadala, nadhani tukitaka kuwa waadilifu tulitumie mahali pake. Mwaka 1972 Blackmore aliugua homa ya ini katikati ya ziara, na Randy California wa bendi ya Spirit akashika nafasi yake kwa onyesho moja huko Quebec. Huyo alikuwa mbadala. Satriani naye alikuja kuiokoa ziara, akaondoka, wala hawakurekodi albamu. Huyo naye ni mbadala, tena mbadala wa heshima kubwa. Mtu aliyeandika na kurekodi nao albamu nane za studio hawezi kuwa kwenye kapu hilo.

Niongeze jambo moja ambalo kila nikilikumbuka hunigusa. Mwanaanga Kalpana Chawla alikuwa mpenzi wa bendi hii na alikwenda angani na diski zake, na miongoni mwazo zilikuwamo Machine Head pamoja na Purpendicular. Chombo cha Columbia kilipoangamia kikirudi mwezi Februari 2003, Morse alitunga kipande kifupi cha gitaa kinachoitwa Contact Lost, na ndicho kinachofunga albamu ya Bananas ya mwaka huo. Hakina maneno. Ni gitaa linalolia kwa utulivu, halafu linanyamaza. Naomba ukisikilize kabla hujaamua kama Morse alikuwa akishikilia kiti cha mtu.

Mtetezi wa Tommy anajibu:

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini Mzee wangu, Bolin umempa sentensi moja tu, nami siwezi kunyamaza.

Tommy Bolin alizaliwa Sioux City, Iowa, mwaka 1951. Kabla ya Deep Purple alikuwa amepitia bendi za Zephyr na James Gang, na mwaka 1973 alipiga gitaa kwenye Spectrum ya mpiga drams Billy Cobham, albamu ya jazi yenye umeme ambayo hadi leo wapiga gitaa huizungumzia kwa sauti ya chini. Coverdale alimsikia mle, akataka aletwe. Kwa maneno mengine, hakuletwa ili apige kama Blackmore. Aliletwa kwa sababu hakufanana naye.

Come Taste the Band ya 1975 ni albamu ambayo wengi huipita bila kuifungua kwa sababu ya jina lisilokuwepo kwenye jalada. Fungua Gettin' Tighter, aliyoiandika na Hughes, usikie jinsi gitaa linavyocheza na besi badala ya kucheza na kinanda. Mzee amesema kila mpiga gitaa aliamua ataishi vipi na kinanda. Bolin alijibu kwa kuhamia upande wa besi. Kisha sikiliza Owed to "G", kipande alichokitunga mwenyewe, ambamo anapanga magitaa juu ya magitaa kama mtu anayepanga sauti za kwaya, na ile mashine yake ya mwangwi, Echoplex, ikiwa kama ala ya pili mkononi mwake.

Msiba wake ni kwamba historia ilimrekodi siku mbaya. Mwezi Desemba 1975 bendi ilipiga Jakarta, ambako mfanyakazi mmoja wa msafara wao alifariki kwa kuanguka kwenye tundu la lifti. Wakaenda Japani wakiwa katika hali hiyo, na Bolin alifika Tokyo mkono wake wa kushoto ukiwa umekufa ganzi. Aliweza kushika kodi nyepesi tu. Mistari iliyokuwa yake ilibidi Lord aichukue kwenye kinanda, na onyesho hilohilo ndilo lililorekodiwa na baadaye likauzwa kama albamu. Watu walioisikia wakasema: mnaona, hawezi. Huko kumbini nako alikuwa akipigiwa kelele za jina la Blackmore wakati anapiga. Alikuwa na miaka 24.

Bendi ilimalizikia Liverpool mwezi Machi 1976. Tarehe 4 Desemba mwaka huo Bolin alikutwa amefariki Miami kwa sababu ya dawa za kulevya, siku moja baada ya kufungua onyesho la Jeff Beck, akiwa na umri wa miaka 25. Siwezi kumhesabu kama mabano katikati ya vipindi viwili vya Blackmore. Anayetaka kumhukumu amhukumu kwa albamu ya studio, na si kwa usiku ule wa Tokyo.

Mzee wa Hammond anajibu:

Mtetezi wa Tommy, nimekubali kosa. Nilimpitia haraka kwa sababu nilikuwa nafuatilia kinanda, na katika albamu ile kinanda kimekaa nyuma, kama ulivyoonyesha mwenyewe. Maneno yako ya kuhamia upande wa besi yamenifanya niisikilize upya, na ni kweli.

Wa Machine Head anajibu:

Naomba niseme upande ambao naona umeachwa. Nampenda Morse, lakini hoja ya miaka 28 hainishawishi. Bendi haipimwi kwa kalenda. Blackmore alirekodi nao albamu 13 za studio ndani ya miaka yake 16; Morse, katika miaka 28, alirekodi nane, na moja kati ya hizo, Turning to Crime ya 2021, ni ya nyimbo za watu wengine. Zaidi ya hapo, nenda katazame mpangilio wa nyimbo za jukwaani katika mwaka wowote wa Morse. Nguzo ni zilezile: Highway Star, Lazy, Space Truckin', Smoke on the Water, Perfect Strangers, Black Night. Kila usiku Morse alikuwa anaingia kwenye nyumba aliyoijenga mwingine, akawasha taa zilezile. Alifanya hivyo kwa ustadi na kwa unyenyekevu, lakini tusiseme kwamba mjenzi na mpangaji ni sawa.

Hata pale bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki wa roki, mwaka 2016, jina la Morse halikuwemo kwenye orodha ya waliotunukiwa, wakati la Blackmore lilikuwemo.

Mwalimu wa Nyuzi Sita anajibu:

Ndugu Wa Machine Head, hesabu yako ya albamu ni sahihi na siipingi. Hoja ya nyimbo za jukwaani nayo ina uzito, na ukweli ni kwamba mtu yeyote anayeketi kwenye kiti kile atapiga Smoke on the Water hadi siku atakayotoka.

Lakini huo mfano wa mwaka 2016 unanipa uchungu badala ya kunishawishi. Usiku ule Blackmore hakufika. Bendi ilipopanda jukwaani kupiga nyimbo zake, aliyeshika gitaa alikuwa Morse. Aliwapigia wenzake muziki katika sherehe ambayo jina lake halikusomwa, baada ya kukaa nao miaka zaidi ya 20. Kwangu mimi hilo linaonyesha mapungufu ya orodha, halionyeshi mapungufu ya mpigaji.

Pia jiulize bendi ingekuwa wapi mwaka 1994. Mwimbaji na mpiga gitaa walikuwa hawawezi kukaa chumba kimoja, na mpiga gitaa akaondoka katikati ya ziara. Bila mtu aliyeweza kukaa nao kwa amani na kuandika nyimbo mpya, tusingekuwa na Now What?! ya 2013 wala Whoosh! ya 2020. Mpangaji hujenga pia, akikaa muda wa kutosha.

Wa Machine Head anajibu:

Hapo kwenye usiku ule wa 2016 umenishika, Mwalimu. Nilikuwa naukumbuka kwa orodha tu, nikasahau nani alipiga. Kuhusu nyimbo bado nabaki nilipo.

Mchezea Nyuzi anajibu:

Nawashukuru wote kwa dhati. Jana nilikaa na vipokea sauti masikioni kwa saa nyingi nikifuata maelekezo yenu. Kinanda ndani ya Smoke on the Water sasa nakisikia waziwazi, na siwezi tena kutokukisikia. Kimenibadilishia wimbo ambao nilidhani naujua. Gettin' Tighter niliirudia mara nne. Contact Lost niliisikiliza mara moja tu, nikaizima, nikakaa kimya.

Kuhusu mbadala, nimeamua kuliacha neno hilo kwa Satriani na Randy California, kama Mwalimu alivyopendekeza, ingawa hoja ya ndugu Wa Machine Head kuhusu nyimbo za jukwaani bado naiona ni nzito.

Limebaki jambo moja. Morse alitoka 2022 ili amuuguze mke wake aliyekuwa na saratani, na nafasi ikachukuliwa na Simon McBride kutoka Belfast. Kuna jambo la kusikiliza kwake, au ni mapema mno?

Mwalimu wa Nyuzi Sita anajibu:

Si mapema. McBride aliingia kwanza kuziba pengo la ziara, kisha mwezi Septemba 2022 akathibitishwa, na albamu yake ya kwanza nao ni =1 ya mwaka 2024. Kumbuka kwamba Lord aliondoka mwaka 2002 akaachia kinanda kwa Don Airey, na kwamba McBride alikuwa ameshapiga kwenye bendi ya Airey mwenyewe kabla ya kuitwa. Hivyo yeye, tofauti na wote waliomtangulia, aliingia akiwa tayari amezoeana na mpapasa kinanda.

Mkono wake uko karibu na blues kuliko wa Morse. Anaacha nafasi zaidi kati ya misemo, na gitaa lake linauma zaidi mwanzoni mwa noti. Sikiliza Portable Door, jinsi kinanda na gitaa vinavyopokezana mle, kisha mara moja urudi kwenye Lazy ya 1972. Ziweke zikifuatana, bila kupumzika katikati, uniambie umesikia nini.

Mchezea Nyuzi anajibu:

Nimefanya hivyo sasa hivi, Mwalimu. Kwenye Lazy kinanda kinafungua mazungumzo na gitaa linakuja kuyachukua. Kwenye Portable Door sikuweza kusema ni nani aliyeanza. Naenda kurudia.